Kichwa cha Mwalimu

Ngumi iliyompata Mwalimu Waisale shavuni Jumamosi ile haikuwa na nguvu yoyote. Mtoto wa darasa la nne angeivumilia. Lakini katika ukumbi wa kanisa letu la mtaa wa Waiyavi wanafunzi wake ishirini na wawili wa karate wakaduwaa, na aliyeipiga akabaki anawatazama mmoja mmoja asijue amekosa nini. Aliitwa Peceli, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyezaliwa na kukulia Auckland, amekuja mji wetu wa Lautoka, huku visiwani, kumsalimu shangazi yake kwa majuma mawili.

"Nimekuumiza?" aliuliza.

"Hujaniumiza," alisema Waisale. "Endelea."

Wakaendelea. Hawajazunguka mara mbili, ngumi ya pili ikamfika, safari hii puani. Ya tatu Waisale aliiona tangu inatoka begani kwa kijana. Akauambia mkono wake uinuke, na mkono ukabaki pale pale ulipozoea kukaa, chini ya kifua. Peceli akaikatiza mwenyewe, akainama kwa adabu, akasema asante, mwalimu. Huruma ile ndiyo iliyomchoma Waisale.

Na Peceli hakuwa bingwa. Alikuwa amejifunza miezi minane tu, kwenye chumba cha mazoezi juu ya duka la matairi. Alichokuwa nacho ni kutojua. Kwetu mtu hagusi kichwa cha mkubwa wake. Hata ukinyoosha mkono kuchukua chumvi kwenye rafu, na chini ya rafu amekaa mzee, unaanza kwa kusema tulou, niwie radhi, ndipo unapitisha mkono. Kwa hiyo kwa miaka kumi na miwili wanafunzi wa Waisale walimpiga kifuani, tumboni, mbavuni, mapajani. Wenyewe kwa wenyewe walipigana vichwani kama paka, lakini kwa mwalimu ngumi zao ziliishia kwenye kola. Wale wenye asili ya India hawana mwiko huo, ila nao wana wao. Rajnil, mchomeleaji wa kiwanda cha sukari na mwanafunzi mkubwa kuliko wote, aliinama kugusa miguu ya mwalimu, aliyemwita Guruji, kila alipoingia ukumbini. Mkono ulioshika miguu ya mtu haupandi kumpiga usoni.

Kila Ijumaa Waisale alipambana nao wote, mmoja baada ya mwingine, na kila Ijumaa aliwashinda wote. Alirudi nyumbani ametota jasho, akamwambia mkewe kwamba kufundisha hakujamla, bado yuko vilevile. Na mkewe, Unaisi, alimwamini.

*

Jumatatu alikuwa na miadi mjini Nadi. Kampuni moja ya ulinzi wa mahoteli ilitafuta mwalimu wa kuwafundisha walinzi wake kupigana, mkataba wa miaka miwili, na barua yake ya maombi ilikuwa miongoni mwa nne zilizochaguliwa. Ilikuja kwa wakati wake. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimempunguzia Unaisi siku za kushona kutoka tano hadi tatu. Kanisa lilikuwa limetangaza kwamba ukumbi utageuzwa shule ya chekechea mwezi wa Desemba. Waisale mwenyewe alipata kibarua bandarini siku ambazo meli zilikuja, na meli hazikuja kila siku. Bila kazi hii, lililobaki lilikuwa kujiandikisha kwenda Australia kuchuma matunda miezi tisa kwa mwaka, kama nusu ya wanaume wa mtaa wetu.

Meneja alimpima uzito mbele ya makarani wawili waliokuwa wanakula mkate wa chai. Akamwambia ageuke. Akamwambia apige pushapu thelathini, naye akazipiga, tai ikiburuza sakafuni, kwa kuwa Unaisi alikuwa amemvalisha tai. Kisha meneja akasoma karatasi.

"Miaka arobaini na minne. Mara ya mwisho umepigana lini?"

"Kila Ijumaa."

"Na nani?"

"Na wanafunzi wangu."

Meneja akaandika kitu, akiitabasamia karatasi yake. Akaeleza kwamba baada ya majuma matano kutakuwa na raundi tatu, glovu na kinga ya meno, mbele ya walinzi wote, dhidi ya mtu wao mmoja kutoka Suva, mji mkuu, aitwaye Ilaisa. Walinzi hawawezi kumheshimu mwalimu ambaye hawajamwona akipigana. Si lazima ashinde, alisema, ila asionekane mzee.

*

Jioni ileile Waisale alimwita Rajnil peke yake na kumwomba ampige usoni. Rajnil alicheka, akadhani ni mzaha. Alipoona si mzaha alivaa glovu, akarusha ngumi iliyofika kwenye paji la uso ikiwa imekufa njiani.

"Piga, Rajnil."

"Nimepiga, Guruji."

"Umenipangusa. Tangu lini mnanipangusa?"

Rajnil alitazama miguu yake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hakuna aliyepanga, hakuna kikao kilichokaa. Ni kwamba mwaka ule wa kimbunga kikubwa, mwalimu alipokuwa ameezua mabati ya nyumba yake mwenyewe ili kuziba paa la ukumbi, wote walianza kumwonea haya kumpiga hata kifuani kwa nguvu. Na haya ikishaingia haitoki.

"Kwa hiyo hata zile za kifuani," alisema Waisale.

"Guruji ndiye aliyetufundisha kila kitu."

"Kila kitu isipokuwa kunipiga." Akamwambia avue glovu aende nyumbani, watoto wanamsubiri. Rajnil aliinama kumgusa miguu, na kwa mara ya kwanza Waisale aliirudisha nyuma.

Alijaribu wengine wanne kabla juma halijaisha. Mmoja alilia. Peceli, ambaye pengine angefaa, alikuwa amekwisha kuelezwa na shangazi yake kosa alilolifanya. Alikuja na pakiti ya biskuti kuomba radhi, akasema harudi tena ukumbini, asije akamtia aibu shangazi kanisani.

Akabaki mmoja, naye alikuwa ndani ya nyumba yake.

*

Salaseini, Sala kwa kifupi, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka kumi na minane na mkanda wa kahawia. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na alikuwa na mikono mirefu kama ya bibi yake mzaa baba. Waisale alipomweleza, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mama anajua. Baba akasema mama ataambiwa. Walianza kesho yake alfajiri, saa moja kabla ya shule.

Siku za kwanza Sala alisema tulou kabla ya kila ngumi, na baba akaikinga kila moja, maana neno lilimwonya. Akamkataza kusema. Basi midomo ikawa inalitamka bila sauti, naye akajifunza kusoma midomo. Mwishoni alimpa kinga ya meno ili kinywa kizibe. Ndipo ngumi zikaanza kuingia.

Ziliingia juma la pili, ziliingia juma la tatu. Sala hakupiga kwa hasira wala kwa woga, alipiga kama mtu anayefanya kazi aliyopewa na aliyemwamini. Baada ya kila raundi alitoa kinga ya meno na kumweleza kosa lake, kama yeye alivyomweleza miaka yote: "Mkono wa kushoto, baba. Unaushusha ukitaka kupiga teke. Mtu anasubiri hapo." Na pole pole mkono wa kushoto ukaanza kukumbuka. Kuna asubuhi, juma la nne, alikinga ngumi saba mfululizo, na baba na binti wakakaa sakafuni wakacheka hadi mwangalizi wa kanisa akachungulia.

Unaisi alijua kwa sababu ya alama nyekundu chini ya jicho. Hakupaza sauti. Alizima jiko kwanza, akaweka kifuniko kwenye sufuria ya majani ya dalo, magimbi yetu.

"Kichwa hicho nimelala nacho miaka ishirini," alisema. "Sijapitisha mkono juu yake kuchukua hata kiberiti bila kuomba radhi. Leo unamfundisha mwanangu kukipiga."

"Ni majuma matano tu, mama Sala."

"Mkono hauhesabu majuma. Siku ukifa, baba Sala, mtoto huyu atakaa kwenye mkeka karibu na kichwa chako. Unataka awe anakumbuka nini?"

Waisale alimuuliza kama anataka aende Australia. Unaisi aliokota kiberiti. Akawasha jiko tena.

*

Jumatatu ya juma la tano, siku tano kabla ya majaribio, Waisale alijaribu teke la juu, na mkono wa kushoto ukashuka. Ngumi ya Sala ilikuwa inasubiri pale ilipofundishwa kusubiri. Ilimpata jichoni barabara. Akapiga goti moja, akainuka, akamwambia binti yake kwamba hiyo ndiyo ngumi bora aliyowahi kuipiga, na huo ulikuwa ukweli.

Jumanne aliamka akiona kama nzi weusi wanaelea ndani ya jicho la kushoto. Kufikia adhuhuri lilikuwa limeshuka pazia, kutoka pembeni, mithili ya mtu anayefunga dirisha taratibu. Hakumwambia mtu. Aliaga nyumbani kwamba anakwenda bandarini, akaenda hospitali, akakaa kwenye benchi kwa muda wa saa nne.

Daktari wa zamu, mama mmoja mwenye miwani, alimmulika jicho kwa muda mrefu. Akamweleza kwamba ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho imebanduka, kama rangi inavyobanduka ukutani, na kwamba huko Lautoka hawana wa kuibandika. Alimwandikia barua ya Suva, Alhamisi, kwa wataalamu wa macho.

"Nikienda Jumatatu?"

"Jumatatu huenda hakutakuwa na cha kubandika. Umepigwa na nini?"

Waisale alisema ni mlango wa lori.

Alitoka na barua ile mfukoni, akaenda kukaa ufukweni mwa bandari ambako hakukuwa na meli. Wapo waliokuja kusema baadaye kwamba alichokifanya alikifanya kwa ajili ya binti. Si kweli yote. Aliitaka ile kazi pia. Alifikiri raundi tatu ni dakika tisa, na dakika tisa mtu anaweza kupigana kwa jicho moja. Lakini jambo lililomfunga pale mpaka jua likashuka lilikuwa hili: akienda Suva Alhamisi, hata akidanganya mlango wa lori, Sala atahesabu siku. Jumatatu alimpiga, Jumanne giza limeingia. Mtoto mwenye akili kama yule hahitaji kuambiwa. Na Unaisi hatasema neno, atamtazama tu, kila siku, akiwapakulia chakula. Lakini akipigwa Jumamosi mbele ya watu mia, na mtu mzima kutoka Suva, lawama ya jicho itakuwa na mwenyewe, naye si Sala.

Alhamisi hakwenda Suva. Tangu Jumanne alikuwa amemwambia Sala wapumzike, mwili upate nguvu. Alijifunza kumimina chai kwa kuweka kidole ukingoni mwa kikombe.

*

Majaribio yalifanyika nyuma ya hoteli, kwenye uwanja wa tenisi uliokuwa haujatumika siku nyingi. Walinzi walikaa kwenye viti vya plastiki. Sala ndiye aliyekuja naye, kubeba maji na taulo, maana Unaisi alikataa kuona.

Ilaisa alikuwa mtu mpole, kama miaka ishirini na minane, mwenye shingo pana. Walipogusana glovu aliinamisha kichwa na kusema tulou, mwalimu, kwa sauti ya kusikika, na walinzi wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Raundi ya kwanza Waisale alipigana vizuri. Alijipinda ili jicho zima liwe mbele, akatumia mateke ya chini, na mkono wa kushoto ulikaa juu, juu kabisa, ukilinda jicho lisiloona. Meneja aliacha kutazama simu yake. Sala, akimpa maji, alisema: "Unaona, baba? Mkono unakaa."

Katikati ya raundi ya pili Ilaisa aligundua upande ambao mwalimu haoni, akawa anazungukia huko, na Waisale akawa anapigwa bila kujua kunatoka wapi. Mbavu, sikio, mbavu. Alijua sasa kwamba kazi imempotea. Walinzi walikuwa wanatazama miguu yao, kama watu wanaomwonea mtu haya. Zilibaki sekunde chache, raundi ya tatu pengine isingeruhusiwa, na jicho lilikuwa bado halijaguswa.

Basi akaushusha mkono wa kushoto. Hakurusha teke. Aliushusha tu, mpaka kiunoni, akamgeuzia Ilaisa uso.

Ngumi ilikuja jinsi ngumi zinavyokuja kwa mtu aliye wazi. Alipofumbua jicho lililobaki alikuwa amelala chali, na meneja anauliza kama kuna mtu anayemjua mzee huyu amrudishe nyumbani.

Kwenye benchi la hospitali ya Nadi, Sala alikaa upande wa jicho zima, taulo magotini.

"Kwa nini uliushusha mkono?"

"Nilichoka."

"Hukurusha teke."

"Nilitaka kurusha. Nilichoka, mwanangu."

Sala alilikunja taulo mara mbili, mara nne, mpaka likawa dogo kama kitabu. Akauliza tena, bila kumtazama, kwa nini tangu Jumanne amekuwa akitia kidole kwenye kikombe. Waisale alisema chai ilikuwa ya moto, alikuwa anaipima. Sala akalifungua taulo, akaanza kulikunja upya.

*

Suva walijaribu, wakasema wangejaribu vizuri zaidi siku sita nyuma. Jicho lilibaki linajua tofauti ya mchana na usiku, basi. Wale wa Australia wa kuchuma matunda walimpima Novemba na kumrudisha, kwa kuwa sheria yao inataka macho mawili juu ya ngazi. Ukumbi ulipakwa rangi ya njano na kuwekewa viti vidogo. Sala alifanya mitihani yake, akafaulu kiasi. Gi yake, vazi lake la mazoezi, aliifua, akaipasi, akampa binti wa Rajnil.

Mwanzoni mwa Desemba Ilaisa alikuja.

Alikuja na mjomba wake na wazee wawili, wamevaa sulu, vikoi vyeusi vya heshima, na jino la nyangumi la kuombea radhi limefungwa kwenye kitambaa. Habari za jicho zilikuwa zimemfika Suva. Mjomba mtu alieleza kwamba tangu siku ile kijana hali vizuri, kwamba ameacha kazi ya ulinzi, kwamba amepiga kichwa cha mkubwa wake na kulizima jicho lake, na ukoo mzima umekuja kuomba radhi kabla jambo hili halijawafuata watoto ambao hawajazaliwa. Ilaisa alikaa nyuma yao, kichwa chini kiasi kwamba paji la uso lilikaribia mkeka. Machozi yalikuwa yanadondoka, naye hayafuti.

Desturi ni kwamba aliyekosewa akilipokea jino, jambo limekwisha, halitajwi tena na yeyote. Waisale aliliangalia lile jino. Angeweza kulirudisha. Angeweza kusema, kijana, nyanyuka, huna kosa. Lakini sebule ile ilikuwa ndogo, na mlangoni, kwenye nafasi ya wanawake, alikaa mkewe, na pembeni ya mkewe binti yake, na sinia la vikombe.

Akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea. Akasema maneno yanayosemwa. Wazee wakapiga makofi ya heshima, polepole.

Ndipo Sala alipoinuka kugawa chai. Alimpa mjomba, akawapa wazee. Alipofika kwa Ilaisa alipiga magoti, akaweka kikombe chini, na badala ya kuondoka akabaki.

"Kaka," alisema, "si wewe. Jicho lilikuwa limeshakufa alipokuja kwenu. Nililipiga mimi, Jumatatu."

Mjomba alishusha kikombe. Ilaisa aliinua kichwa, akamtazama msichana, kisha akamtazama Waisale, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa mlango kidogo, anasubiri kuambiwa kama apite.

Waisale alikuwa bado ameshika lile jino.

"Mniwie radhi, wazee," alisema. "Mtoto huyu ananipenda. Tangu siku ile anatafuta namna ya kulibeba jambo hili yeye. Msimsikilize."

Mjomba alitikisa kichwa kwa huruma, akasema heri mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo. Wazee wakaitikia. Kichwa cha Ilaisa kikarudi chini.

Sala alibaki amepiga magoti katikati ya sebule. Alimgeukia mama yake. Unaisi alimtazama sana, muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama, na ilionekana wazi kwamba amemwamini yeye, si baba yake.

"Wageni hawana sukari," alisema Unaisi. "Nenda kalete."